TULIYOYAONA KATIKA NYUMBA YA NDEGE ZA KALE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, waalimu na wasomaji)



Tumeombwa tuwape habari za safari yetu ya nchi ya Uskoti, nasi hatukuona vema kukataa, maana mgeni arudiye na asiseme aliyoyaona ni kama mtu aliyekwenda sokoni akarudi na kikapu kitupu. Lakini hatutaweza kusema yote. Tumechagua siku moja tu katika safari ile, siku tuliyokwenda East Fortune kutazama ndege za kale. Tulikuwa watu watatu, waalimu wawili na karani mmoja, nasi tulipokuwa tukirudi jioni tulikuwa na shauri moja lililotusumbua. Shauri hilo ndilo tunalotaka kuliweka mbele yenu leo.

East Fortune ni mahali pa shamba, upande wa mashariki wa mji wa Edinburgh, mwendo wa maili 20 hivi. Pande zote ni mashamba ya ngano na shayiri na malisho ya kondoo, na upepo wa bahari hauko mbali. Mwaka wa 1915, katika vita kuu ya kwanza, jeshi la maji la Uingereza lilifanya kiwanja cha ndege mahali pale. Katika vita kuu ya pili kilitumika tena kufundishia marubani. Vita vilipokwisha mabanda yakabaki, na tangu mwaka wa 1975 yamekuwa makumbusho ya ndege, za vita na za abiria. Mtu akiingia hupita banda hata banda, na ndege zimepangwa ndani yake kama mitumbwi iliyopandishwa pwani.

Chombo cha kwanza kilichotusimamisha hakina injini. Kilikuwa kimetundikwa juu, nacho ni vijiti vyembamba, waya, na kitambaa kilichowambwa kama ngozi ya ngoma. Jina lake ni Hawk, yaani mwewe. Alikitengeneza bwana mmoja, Percy Pilcher, mwaka wa 1896. Bwana huyu alikuwa mwalimu katika chuo kikuu cha Glasgow, na kazi yake ya kujifunza kuruka aliianza karibu na mto Clyde mwaka wa 1895. Alikuwa akining'inia katikati ya mabawa, akishuka mlimani kwa nguvu ya upepo, naye huongoza chombo kwa kuupeleka mwili wake huku na huku.

Mwaka wa 1899 alikuwa amekwisha tengeneza chombo kingine chenye injini ndogo, akawaita watu waje kukitazama. Wageni walikuja. Lakini injini ilikuwa imevunjika, na tena mvua ilikuwa imenyesha. Pilcher hakutaka wageni wake warudi bila kuona kitu. Akapanda mwewe wake wa zamani, na kitambaa kimelowa maji. Alipokuwa hewani, kitu kikavunjika upande wa mkia, chombo kikaanguka. Akafa baada ya siku mbili, umri wake miaka 32. Miaka minne baadaye, mwezi wa Desemba 1903, ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright, wakapaa na chombo chenye injini, na jina la Pilcher likajulikana na watu wachache tu. Chombo tulichokiona kikitundikwa pale ndicho kile kile alichoanguka nacho, kimefanyizwa upya.

Mwalimu mmoja katika sisi akasema, "Angalikuwa hai, kama angaliweza kuwaambia wageni wake: Leo haiwezekani, rudini siku nyingine." Wala hatukumjibu neno, maana tulijua kwamba hata sisi tunaona haya kulisema.

Kisha tukaonyeshwa habari za merikebu ya hewani iliyoitwa R34. Wengine kati yenu mmepata kusikia habari za vyombo vya namna hii. Ni kama mfuko mrefu mno, wenye mifupa ya madini ndani yake, uliojazwa hewa nyepesi inayowaka upesi ikikutana na moto. R34 urefu wake ulikuwa zaidi ya futi 600. Ukitaka kuufahamu, pima hatua 200 za mtu mzima. Usiku wa 2 Julai, 1919, karibu na saa nane, ilipanda kutoka kiwanja kile cha East Fortune, na mkubwa wake, Meja Scott, akaielekeza Marekani. Ilikaa hewani saa 108, yaani siku nne na nusu, ikishindana na upepo na mawingu ya bahari kuu. Watu walipika chakula juu ya bamba la chuma lililopigwa katika bomba la moshi wa injini, maana moto mwingine haukuruhusiwa.

Ilionekana pia ya kuwa mtu mmoja, jina lake William Ballantyne, ambaye aliachwa nyuma ili kupunguza uzito, alikuwa amejificha ndani pamoja na paka. Alipogunduliwa walikuwa wamekwisha fika baharini, wala hapakuwa na njia ya kumshusha. Walipofika Marekani mafuta yalikuwa karibu kwisha. Na kwa kuwa watu wa chini hawakujua namna ya kukamata kamba za chombo kikubwa kama kile, afisa mmoja, Meja Pritchard, akaruka kwa mwavuli akashuka kuwafundisha. Hivyo akawa mtu wa kwanza kufika nchi ile kwa njia ya hewa. Siku chache baadaye R34 ikarudi Uingereza kwa saa 75, maana safari hii upepo ulikuwa nyuma yake. Ilikuwa mara ya kwanza chombo cha hewa kuvuka bahari ile kwenda na kurudi.

Hapo tukakumbuka jambo linalotuhusu. Mwezi wa Novemba 1917, Wadachi walituma merikebu ya hewani, jina lake L59, kutoka nchi ya Bulgaria, ije huku Afrika ya Mashariki kuleta risasi na dawa kwa jeshi la Lettow-Vorbeck lililokuwa likipigana kusini mwa Tanganyika. Haikutazamiwa kurudi, kitambaa chake kilikusudiwa kushonwa mahema na nguo. Ilivuka bahari, ikapita jangwa la Misri, ikafika Sudan. Hapo ikapata amri kwa simu ya upepo irudi, ikageuka. Ilikaa hewani saa 95 bila kutua. Basi babu zetu waliochukua mizigo ya vita ile, ya Wadachi na ya Waingereza, walikaribia kuona juu ya vichwa vyao kitu ambacho wasingalikuwa na jina la kukiita.

Ndege za vita ziko nyingi pale, nasi hatutaziorodhesha zote. Iko Spitfire, ndogo na nzuri kama mbayuwayu. Iko ndege ya Wadachi iitwayo Komet, iliyokwenda kwa moto wa dawa mbili kali zilizochanganywa pamoja. Mafuta yake yalikwisha kwa dakika chache, na dawa zile ziliweza kumlipua rubani wake mwenyewe kabla hajaonana na adui. Nje iko ndege kubwa ya kuangusha mabomu iitwayo Vulcan, mabawa yake yamepanuka kama taa wa baharini. Ndege hiyo ilipelekwa katika vita vya visiwa vya Falkland mwaka wa 1982. Ilipokuwa ikirudi, mrija wake wa kunyonyea mafuta hewani ulivunjika, ikabidi itue katika nchi ya Brazil, ambako ilizuiwa kwa siku chache. Mafundi wake wakachora bendera ndogo ya Brazil karibu na pua yake. Tulipenda jambo hilo. Wangaliweza kuchora ushindi peke yake, lakini wakachora na siku waliyokwama.

Sasa tumefika penye shauri letu.

Nje ya mabanda imesimama ndege ya abiria, jina lake Comet, nyeupe na ndefu, na injini zake nne zimefichwa ndani ya mizizi ya mabawa. Ndege za jina hili ndizo za kwanza duniani kuchukua abiria kwa injini zisizo na panga za kuzunguka mbele. Tarehe 2 Mei, 1952, Comet ya kwanza iliondoka London na abiria 36 kwenda Johannesburg. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika kwa muda usiotimia saa 24. Angalieni, mabwana, ya kwamba safari ya kwanza kabisa ya namna hii haikwenda Marekani wala Bara Hindi. Ilikuja kwetu. Watu waliosimama Entebbe siku ile waliona jambo ambalo watu wa New York walikuwa hawajaliona.

Ndege hii ilikwenda juu sana, futi 35,000 na zaidi, mahali ambapo mtu hawezi kuvuta pumzi. Kwa hiyo hewa ilisukumwa ndani ya chumba cha abiria, na ndege ikavimba kidogo kama kibofu kinachopulizwa. Iliposhuka, ikanywea. Kila safari ikavimba, kila safari ikanywea. Chukua kipande cha waya ukipinde na kukinyosha, ukipinde na kukinyosha. Mara ya kwanza hakina neno, mara ya kumi hakina neno, lakini iko mara moja kitakapokatika mkononi mwako. Madini nayo huchoka, ingawa hayalalamiki.

Tarehe 10 Januari, 1954, ndege ile ile iliyofanya safari ya kwanza ilikuwa ikitoka Roma kwenda London. Ikapasuka hewani karibu na kisiwa cha Elba. Watu 35 wakafa wote. Ndege zote za jina hilo zikasimamishwa, zikatazamwa, sehemu kadha wa kadha zikarekebishwa kwa kubahatisha, maana sababu yenyewe haikujulikana. Zikaruhusiwa kuruka tena mwezi wa Machi. Tarehe 8 Aprili, Comet nyingine iliyotoka Roma, ikienda Cairo ili kuendelea mpaka Afrika ya Kusini, ikaanguka baharini upande wa Naples. Watu 21 wakafa.

Hapo waliweza kufanya mambo mawili. Waliweza kusema, "Ajali haina kinga," wakazika maneno pamoja na maiti. Ndege hii ilikuwa fahari ya taifa lao, na mataifa mengine yalikuwa yakiinunua. Lakini walifanya la pili. Manowari zikavua vipande kutoka chini ya bahari, vikapelekwa Farnborough, vikaungwa kimoja kimoja juu ya mifupa ya miti, kama mtu aungavyo chungu kilichovunjika. Na Comet nyingine nzima ikatiwa ndani ya tangi kubwa, mabawa yakitokeza nje, likajazwa maji. Wakasukuma maji ndani ya ndege na kuyapunguza, mchana na usiku, ili ivimbe na kunywea kama inavyofanya safarini. Mwezi wa Juni 1954, ilipokwisha kuvimba na kunywea mara 3,057, ukijumlisha na safari zake za kweli za zamani, ikapasuka. Ufa ulikuwa umeanzia katika kona ya nafasi iliyokatwa ubavuni mwake, mahali panapobana kuliko mafundi walivyohesabu. Katika vipande vya Elba nako wakaona ufa wa namna hiyo hiyo, juu ya paa.

Baraza likakaa London mwaka ule, mbele ya watu wote, na habari zikaandikwa na kuchapishwa. Waliosoma si wao peke yao. Watengenezaji wa ndege wa nchi nyingine, walioshindana nao kwa biashara, walisoma pia, wakajifunza bila kufiwa na mtu. Comet mpya ikatengenezwa, bati lake nene zaidi na madirisha yake mviringo, na mwezi wa Oktoba 1958 ndiyo iliyoanza kuchukua abiria wa kuvuka bahari ya Atlantiki kwa injini za namna ile. Tangu mwaka wa 1960 shirika letu la East African Airways lilikuwa nazo, zikatua Nairobi na Entebbe na Dar es Salaam. Hii tuliyoiona East Fortune ni ya uzao huo mpya. Ilitumikia kwanza jeshi la anga, kisha ikachukua watu wa likizo, ikastaafu salama. Tulitia kidole katika ukingo wa dirisha lake, ukingo ulio mviringo, tukanyamaza. Watu 56 walikufa kabla ya ukingo ule kupata umbo lake.

Wazee wetu walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Tangu utoto tunalijua neno hilo. Lakini mtu hawezi kuziba ufa ambao hataki kuuonyesha.

Mabwana, tuwasimulie neno la nyumbani. Zamani kidogo, katika ghala moja la mbegu, karani aliandika magunia 96 mahali pa magunia 69. Alikosa kwa haraka, si kwa wizi. Baada ya wiki mbili akaligundua kosa lake mwenyewe. Lakini hesabu ilikuwa imekwisha pelekwa kwa wakubwa na kusifiwa kwa unadhifu wake, naye akaona haya. Akasema moyoni, "Labda mengine yataletwa, hesabu itajisawazisha." Mvua zikaja. Watu wa vijiji vitatu wakaambiwa mbegu ziko tele, wakatembea, wengine na watoto mgongoni, wakafika wakakuta ghala limekwisha. Mwaka ule walipanda kwa kuchelewa, wakavuna nusu. Hakuna aliyekufa, Mungu ashukuriwe, lakini iko nyumba iliyouza ng'ombe wake wa maziwa. Karani yule hakufukuzwa, maana hakuna aliyejua. Ni mmoja wa watu watatu waliosimama chini ya bawa la Comet, na sauti yake ndiyo mnayoisikia sasa.

Hatukuwa tumekusudia kuyasema haya tulipopanda gari kwenda East Fortune. Lakini tulipoona vipande vya habari ile, na jinsi walivyoweka aibu yao mahali pa watu wote, na watoto wa shule wanaletwa kuisoma, tuliona kwamba hatuna ruhusa ya kuwasimulia ukubwa wa mabawa tu.

Iko ndege moja pale ambayo wageni wengi huipita bila kuitazama. Ni Islander, ndege ndogo ya injini mbili, isiyo na uzuri wala sifa ya vita. Ilikuwa ikichukua wagonjwa kutoka visiwa vya Uskoti, ambako bahari hukatiza njia kwa siku nyingi. Kazi ya namna hiyo ilianza katika visiwa vile mwaka wa 1933. Huku kwetu ilianza mwaka wa 1957, madaktari walipoanza kuruka kutoka Nairobi kwenda kutibu watu wa mbali. Mgonjwa aliyelazwa ndani ya ndege kama hiyo haulizi nani aliyeibuni. Anaamini tu ya kuwa fundi aliyekaza skurubu jana usiku aliandika kweli katika daftari lake. Rubani naye anaamini hivyo hivyo. Ndege zote huruka juu ya karatasi zilizoandikwa na watu waaminifu.

Mwisho tuliingia ndani ya Concorde. Ndege hii ya Waingereza na Wafaransa ilikwenda kwa mwendo wa mara mbili ya sauti, ikavuka kutoka London mpaka New York kwa saa tatu na nusu. Kumbukeni R34, iliyopanda kiwanja hicho hicho na kuchukua saa 108. Hii tuliyoiona ilianza kuchukua abiria 21 Januari, 1976, kutoka London kwenda Bahrain. Tarehe 25 Julai, 2000, ndugu yake wa Ufaransa alikanyaga kipande cha bati kisichofika dhiraa moja, kilichoangushwa njiani na ndege nyingine karibu na Paris. Gurudumu likapasuka, mafuta yakawaka, watu 113 wakafa, wanne kati yao wakiwa chini. Ndege nyingine zilirekebishwa zikaruka tena mpaka mwaka wa 2003. Hii haikuruka tena. Mwaka wa 2004 ililetwa Uskoti juu ya tishari kwa bahari, kisha kwa barabara, mabawa yake yameondolewa. Ndege iliyoipita sauti yenyewe ilifika kwa mwendo wa mtu aendaye kwa miguu.

Basi, wazee wetu, hatukuja kuwaambia kwamba watu wa nchi ile ni wema kuliko sisi. Nao walichelewa; kati ya Januari na Aprili waliruhusu ndege kuruka bila kujua sababu, na watu 21 wakalipa. Tunasema tu kwamba walipojua, walionyesha. Ninyi waalimu mnaandika daftari za mahudhurio. Ninyi machifu mnatia muhuri hesabu za watu na mazao. Sisi makarani tunanakili. Kila mmoja wetu ana ufa wake mahali fulani, mdogo, katika kona. Ulio wetu tumewaonyesha leo, nasi kesho tutaupeleka kwa maandishi kwa wakubwa wetu, tukubali litakalotupata. Tena vijiji vile vitatu tunavijua kwa majina, na nyumba ile iliyouza ng'ombe tunaijua mlango wake.

 Mwenye swali na aulize.